Unywele Kama Kalenda ya Sumu

Unywele unaoonekana juu ya ngozi ya kichwa hauna damu wala neva; ndiyo maana kinyozi huukata bila mteja kuhisi maumivu. Uhai wake umo katika shina lililozama ngozini, likilishwa na mishipa midogo ya damu. Humo ndimo unywele hufumwa kwa keratini, protini yenye salfa nyingi, na zebaki hushikamana na salfa kwa nguvu. Sumu iliyomo damuni leo hufumwa pamoja na unywele wa leo, na hubaki humo.

Nywele za kichwani hurefuka takriban sentimita 1 kwa mwezi. Hivyo unywele wa sentimita 12 huhifadhi habari za mwaka mzima, ilhali damu, baada ya miezi michache, huwa imekwisha kusahau.

Umuhimu wa jambo hili ulidhihirika nchini Iraki. Mwishoni mwa 1971 wakulima waligawiwa mbegu za ngano zilizotiwa dawa ya kuvu yenye zebaki ya methili. Mbegu zilipakwa rangi ya tahadhari, lakini kwa wengi zilifika msimu wa kupanda ukiwa umepita. Rangi ilitoka kwa kuoshwa, sumu haikutoka. Familia zikaoka mikate. Zaidi ya watu 6,500 walilazwa hospitalini, na 459 wakafia humo. Wapo watoto waliozaliwa na ubongo uliodhurika ilhali mama zao walikuwa na dalili hafifu tu. Watafiti walizikata nywele ndefu za akina mama hao vipande vidogo, wakavipima kimoja kimoja, wakabaini mimba ilikuwa na umri gani sumu ilipofikia kilele.

Kandokando ya Ziwa Victoria, upande wa Tanzania, nywele za wachimbaji wa dhahabu na za wavuvi zilipimwa katika miaka ya 1990. Baadhi ya viwango vya juu havikutokana na machimbo wala samaki, bali vilihusishwa na sabuni za kuogea zenye zebaki. Hapa tahadhari yahitajika, kwani zebaki ya sabuni huweza kuugandia unywele kutoka nje, na kuosha hakuiondoi yote. Kwa hiyo maabara hutenganisha aina za zebaki kabla ya kutoa hukumu.

Sampuli hukatwa kisogoni, karibu kabisa na ngozi, kisha hufungwa uzi upande wa shina. Uzi huo ukisahauliwa, kalenda yaweza kusomwa kinyumenyume.