Nishani za Keya: ya karibu, ya kasi, ya dharau na isiyo na jina

Nishani ya vita iliyo karibu zaidi na Garsen haihitaji safari ndefu. Ukivuka Tana kuelekea Lamu utapita Witu, na jina hilo limechongwa kwenye kibati kinachokaa juu ya utepe wa nishani ya Waingereza ya Afrika Mashariki na Magharibi: "Witu 1890". Oktoba mwaka huo mabaharia wa Admirali Fremantle waliuchoma mji wa Sultani Fumo Bakari, kulipiza kisasi cha Wajerumani waliouawa pale. Miaka mitatu baadaye kikaongezwa cha pili, "Witu August 1893". Vibati viwili kwa mji mdogo kama ule si jambo la kawaida, ingawa sidhani kuna mwenyeji aliyeomba heshima hiyo.

Kwa wingi wa vibati, hakuna nishani ya huku kwetu inayoifikia Nishani ya Utumishi wa Afrika ya 1902: vibati 45, na sura za watawala watatu, Edward VII, George V na Elizabeth II. Baada ya "Somaliland 1920" ilinyamaza zaidi ya miaka thelathini, kisha kikatoka cha mwisho, "Kenya", kwa waliotumwa kupambana na Mau Mau. Hicho ndicho kizito kuliko vyote kukiweka sebuleni.

Ya dharau kuliko zote ni ile ya ushujaa vitani. Mpaka 1942 askari Mwafrika wa KAR (King's African Rifles), au Keya kama tulivyozoea kuiita, hakupewa DCM (Distinguished Conduct Medal) ya kawaida. Alitengenezewa ya kwake, yenye jina la kikosi mgongoni, ili isichanganywe na ya Mzungu. Leo wakusanyaji wanaigombania kwa sababu ni adimu. Ubaguzi ndio ulioipandisha bei.

Tuzo ya juu, Victoria Cross, Keya waliipata katika Vita vya Pili kupitia Sajini Nigel Leakey, mlowezi wa Kenya. Tarehe 19 Mei 1941, huko Colito, Uhabeshi, alirukia kifaru cha Waitaliano, akafungua mfuniko na kuwapiga risasi waliokuwa ndani. Hakuonekana tena. Tuzo ilitangazwa Novemba 1945. Askari mweusi wa Keya hajawahi kuipata, hata mmoja.

Kwa kasi, Tana ina fahari yake. Mwaka 1940 mto huu ulikuwa ngome dhidi ya Waitaliano, na majeshi yaliyoondoka kandokando yake yaliteka Kismayu 14 Februari 1941, Mogadishu 25 Februari, na kuingia Addis Ababa 6 Aprili. Siku 51 kutoka Kismayu! Baadhi ya waliobaki hai wakaenda Burma, ambako mwishoni mwa 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilivuka mto Chindwin, na hapo Kalewa likajengwa daraja la Bailey la takriban mita 350, refu kuliko yote ya aina yake wakati huo. Wengine hawakufika. Meli ya Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa, ilizamishwa 12 Februari 1944 na watu karibu 1,300 wakafa, wakiwemo wapiga mizinga wengi wa Afrika Mashariki.

Malipo ya safari hizo ni nyota za shaba zenye ncha sita: Africa Star, utepe wake wa rangi ya mchanga, na Burma Star. Zigeuze uzitazame: hazina jina. Nishani ya fedha ya Vita vya Kwanza ina namba, cheo, jina na kikosi ukingoni, herufi ndogo unazozisoma kwa kuielekeza kwenye mwanga. Nyota ya Mkenya wa 1941 haina kitu, kwa hiyo ndiyo ngumu kuliko zote kuithibitisha. Ukiiuza peke yake, muuzaji wa London ataipa bei ya shaba tu. Thamani yake iko kwenye cheti cha kuachishwa jeshi, picha na barua zilizokaa nayo sandukuni. Na kama ya babu ni ile ya fedha, iweke mbali na Brasso, maana kinachotangulia kufutika ni jina.