Kiti cha gari na kigari cha mtoto mchanga: mambo ya kuangalia kabla ya kununua

Kwa watoto wengi, safari ya kwanza ya gari ni ile ya kutoka hospitali kwenda nyumbani. Mama anakaa kiti cha nyuma, mtoto amefunikwa vizuri ndani ya khanga, na kila aliyemo ndani ya gari anaamini kwamba hakuna mahali salama kuliko mikono ya mama. Tunaielewa imani hiyo. Lakini gari likigonga au likifunga breki ghafla, mikono haiwezi kumzuia mtoto, hata mama awe na nguvu kiasi gani.

Makala hii ni kwa mama mjamzito, baba, bibi na mlezi yeyote anayejiandaa kumpokea mtoto. Inaeleza jinsi ya kuchagua kiti cha gari na kigari cha kusukuma, namna ya kuvitumia, na nini cha kufanya kama fedha hazitoshi au kama huna gari.

Kwa nini kumpakata hakutoshi

Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa likigonga na kusimama, kila kitu ambacho hakijafungwa ndani yake kinaendelea mbele kwa mwendo uleule. Kwa muda huo mfupi, mtoto wa kilo 5 anaweza kuvuta mikono ya aliyempakata kama mzigo wa kilo 100. Hakuna mtu anayeweza kuushika mzigo huo. Kumweka mtoto ndani ya mkanda wako ni hatari zaidi, kwa sababu mwili wako utamkandamiza kwenye mkanda. Mbeleko nayo haikutengenezwa kwa ajili ya ajali.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linaeleza kwamba viti vya watoto, vikitumiwa ipasavyo, vinaweza kupunguza vifo vya watoto wachanga kwenye ajali za magari kwa takriban asilimia 70. Neno muhimu hapo ni "ipasavyo". Kiti kizuri kilichofungwa vibaya kinapoteza sehemu kubwa ya kazi yake.

Mtoto mchanga atazame nyuma

Kichwa cha mtoto mchanga ni kama robo ya urefu wa mwili wake, na mifupa ya shingo bado ni laini. Akikaa akitazama mbele, gari likigonga kichwa kinarushwa mbele na shingo inabeba nguvu yote. Akitazama nyuma, mgongo wa kiti unapokea kichwa, shingo na mgongo kwa pamoja.

Kwa hiyo kiti cha mtoto mchanga lazima kiwe cha kutazama nyuma ya gari. Usiwe na haraka ya kumgeuza. Kanuni mpya za Ulaya zinataka atazame nyuma hadi afikishe angalau miezi 15, na ni salama zaidi kuendelea hivyo mpaka afikie kikomo cha uzito au urefu kilichoandikwa kwenye kiti. Wazazi wengi humgeuza mtoto kwa sababu miguu imeanza kugusa kiti cha gari. Hiyo si sababu, kwa kuwa mtoto anaweza kukunja miguu bila shida. Angalia uzito wake, na angalia kama utosi umekaribia ukingo wa juu wa kiti.

Aina mbili utakazokutana nazo dukani

*Kiti chenye mpini.* Ni kidogo, na kinabebeka mtoto akiwa ndani. Vingi hutumika tangu kuzaliwa hadi kilo 13. Kinamkaa vizuri mtoto mchanga na ni rahisi kuhamishia kwenye gari jingine. Ubaya wake ni kwamba baada ya mwaka mmoja hivi utahitaji kingine. Kama umejifungua kwa upasuaji, mwache mtu mwingine akibebe, maana kiti pamoja na mtoto ni uzito ambao hupaswi kuinua wiki za mwanzo.

*Kiti kinachobadilika.* Hiki hubaki ndani ya gari. Mtoto huanza kwa kutazama nyuma, baadaye hugeuzwa mbele. Kinatumika miaka kadhaa, hivyo kwa wengi ni nafuu zaidi. Kabla ya kununua hakikisha kimeandikwa kuwa kinafaa tangu kuzaliwa, na kwamba kinalala vya kutosha ili kidevu cha mtoto kisiangukie kifuani.

Kiti cha kumnyanyua mtoto mkubwa ili mkanda wa gari umkae vizuri hakimfai mtoto mchanga kabisa, hata ukikiwekea mito.

Soma stika kabla ya kuangalia rangi

Geuza kiti, uangalie chini na nyuma yake. Kiti kilichojaribiwa kwa kanuni za Umoja wa Mataifa zinazotumika Ulaya kina stika yenye herufi E ndani ya duara, pamoja na namba ya kanuni: R44 au R129. Vya R44 hupangwa kwa uzito wa mtoto, na vya R129, ambayo ni kanuni mpya zaidi, hupangwa hasa kwa urefu. Viti kutoka Marekani huandikwa kwamba vimetimiza kanuni ya FMVSS 213. Kiti kisicho na stika yoyote usikinunue, hata kama ni kipya na kinang'aa.

Kijaribu kwenye gari lenu

Magari mengi tunayotumia Tanzania na Kenya yaliletwa yakiwa yameshatumika Japani, na hayafanani. Kiti kinachokaa vizuri kwenye gari la dada yako kinaweza kisikae kwenye lenu. Mwombe mwenye duka akuruhusu kujaribu, kisha angalia haya:

- Mkanda wa gari una urefu wa kutosha kuzunguka kiti na kufika kwenye kifungio chake? Mingine huishia njiani.
- Kama kiti ni cha ISOFIX, gari lina vyuma vyake? Pitisha vidole kwenye mfereji kati ya sehemu ya kukalia na ya kuegemea. Kama havipo, tafuta kiti kinachofungwa kwa mkanda.
- Kikishafungwa, kishike pale mkanda unapopita na ukitikise. Kisisogee zaidi ya sentimita 2 au 3 upande wowote.

Kiti kikae nyuma ya gari. Kamwe usiweke kiti kinachotazama nyuma mbele ya mfuko wa hewa unaofanya kazi, ule tunaouita eabegi. Unafumuka kwa nguvu inayoweza kumuua mtoto mchanga.

Kiti cha mtumba

Wengi wetu tunanunua mtumba au tunapewa na ndugu. Si vibaya, ila tofauti ya kiti na nguo ni kwamba kasoro ya kiti mara nyingi haionekani kwa macho. Plastiki inaweza kuwa na ufa ndani baada ya ajali, na jua huidhoofisha kadiri miaka inavyopita.

Pokea kiti kutoka kwa mtu unayemfahamu, anayeweza kukuambia kwa uhakika kwamba hakijawahi kupata ajali. Tafuta tarehe ya kutengenezwa au ya mwisho wa matumizi. Watengenezaji wengi huweka kikomo cha kati ya miaka 6 na 10. Angalia mikanda isiwe imechanika au kushonwa upya, na kifungio kilie "tak" kinapofunga. Kiti cha sokoni kisichojulikana kilikotoka, hata kwa bei ya kutupa, kiache.

Namna ya kumfunga

1. Mvue koti au blanketi zito. Nguo nene huacha nafasi, na wakati wa ajali mtoto huchomoka. Akiona baridi, mfunge kwanza, kisha mfunike juu ya mikanda.
2. Mgongo na makalio viguse kiti. Usiongeze mto au foronya ambayo haikuja na kiti.
3. Akiwa anatazama nyuma, mikanda ya mabega itokee usawa wa mabega au chini yake kidogo.
4. Kaza mkanda. Jaribu kuubana kwa vidole begani: ukipata mkunjo wa kushika, bado umelegea.
5. Kama kiti kina kibanio cha kifuani, kikae usawa wa makwapa.

Gari likiwa limeegeshwa juani, funika kiti kwa khanga, na gusa vifungio kabla ya kumketisha mtoto, kwani chuma chenye moto humuunguza. Na usimwache mtoto peke yake ndani ya gari, hata kwa dakika tano za kuingia dukani. Joto hupanda haraka sana ndani ya gari lililofungwa, na mwili wa mtoto hupata joto haraka kuliko wa mtu mzima.

Kiti cha gari si kitanda

Mtoto mchanga aliyekaa nusu wima anaweza kuangusha kichwa mbele na njia ya hewa ikabanwa. Wiki za mwanzo, fanya safari ziwe fupi, na mtu mzima akae karibu naye amwangalie. Safari ndefu igaweni: simameni angalau kila baada ya saa mbili, mtoeni, anyonye na ajinyooshe. Mkifika nyumbani, mtoe kwenye kiti na umlaze chali mahali tambarare, hata kama amelala fofofo.

Kama mtoto ni njiti au alizaliwa na uzito mdogo, muulize daktari au muuguzi kabla ya kuruhusiwa kama anaweza kukaa kwenye kiti cha gari bila kupata shida ya kupumua.

Kama mnatumia teksi, daladala, bajaji au bodaboda

Familia nyingi hazina gari. Siku ya kutoka hospitali, kama inawezekana, tafuteni teksi au gari la ndugu lenye mikanda ya nyuma inayofanya kazi, na azimeni kiti cha mtoto kwa mtu mnayemwamini. Kiti kinachofungwa kwa mkanda kinaweza kuhamishiwa gari lolote lenye mkanda unaofika.

Kama hakuna kiti kabisa na safari haikwepeki, kaa nyuma, funga mkanda wako, kisha mpakate mtoto akiwa nje ya mkanda. Mwambie dereva aende polepole, wala usione haya kumkumbusha. Hii haimlindi mtoto kama kiti. Ni kupunguza hatari tu.

Bodaboda si chombo cha kumpandisha mtoto mchanga, na hakuna kiti kitakachoifanya iwe salama. Bajaji na daladala nyingi hazina mikanda ya kufungia kiti. Safari zinazoweza kusubiri, kama kwenda kuwasalimu ndugu, zisubiri. Za kliniki na chanjo usiziache. Zipangeni mapema ili mpate usafiri ulio bora zaidi.

Kigari cha kusukuma

Kwa kigari, swali la kwanza ni utakisukumia wapi. Magurudumu madogo ya plastiki yanafaa sakafu laini. Kwenye barabara ya vumbi, mchanga au mawe yanakwama na kumtikisa mtoto, hivyo utahitaji magurudumu makubwa. Kama unaishi ghorofani bila lifti, uzito wake utakuwa jambo la kila siku. Kikunje na kukinyanyua ukiwa dukani, na upime kama kitaingia kwenye buti.

Kisha angalia usalama:

- Mtoto ambaye hajaweza kukaa mwenyewe, yaani hadi miezi 6 hivi, anahitaji kigari kinacholala tambarare.
- Mikanda iwe ya sehemu tano: mabega mawili, nyonga mbili na katikati ya miguu.
- Breki ishike kweli. Ifunge, kisha sukuma.
- Kiwe na kitasa kinachozuia kisijikunje mtoto akiwa ndani. Watoto wengine wakae mbali unapokikunja, kwani vidole hubanwa.
- Usitundike mikoba ya sokoni kwenye mpini. Kigari hupinduka kinyumenyume.

Usifunike kigari chote kwa khanga au blanketi ili kuzuia jua. Hewa haipiti vizuri na joto hupanda ndani. Tumia paa lake, tembea kivulini, na mguse mtoto shingoni kujua kama ana joto kupita kiasi.

Viko pia vigari ambavyo kiti cha gari hupachikwa juu yake. Vinasaidia kwa mwendo mfupi, lakini kanuni ileile inabaki: asikae humo muda mrefu.

Fedha zikitosha kitu kimoja tu

Kama mtoto atasafiri kwa gari mara kwa mara, nunua kiti kwanza. Kazi ya kigari inaweza kufanywa na mbeleko: nyumbani, sokoni, njiani kwenda kliniki kwa miguu. Mfunge wima kifuani, uso wake uonekane, pua na mdomo viwe wazi, na kidevu kisikandamizwe kifuani. Kazi ya kiti cha gari, kwa upande mwingine, haina mbadala.

Ndugu na marafiki wakiuliza walete zawadi gani, waambie mapema wachangie kiti badala ya kila mmoja kuleta nguo ambazo mtoto atazivaa wiki tatu. Kinunuliwe kabla ya mwezi wa tisa wa ujauzito, ili baba au yeyote atakayeendesha apate muda wa kukifunga na kukifungua mara kadhaa kabla ya siku yenyewe.

Mkipata ajali, hata kama mtoto halii na haonyeshi jeraha, mpelekeni kituo cha afya akaangaliwe. Kiti kilichokuwa ndani ya ajali hiyo kisitumike tena, wala asipewe mtu mwingine.