Macho yakiamka na mchanga, angalia feni kabla ya kununua dawa

Shangazi yangu akaa Mji wa Kale, Mombasa. Msimu wa kaskazi ukiingia, kila alfajiri lalamiko lake ni moja: "Mwanangu, macho yaniwasha kama nimetiwa mchanga." Kope huwa zimegandana, jicho la kulia huwa jekundu kuliko la kushoto, na taa ikiwashwa humchoma. Ikifika saa nne ya asubuhi, yote yametulia. Jioni hata hakumbuki kwamba aliamka vibaya.

Mwaka jana alichoka, akaenda duka la dawa la karibu na nyumbani. Akauziwa kichupa bila kuulizwa hata swali moja. Siku ya pili wekundu ulikwisha, naye akasema amepata dawa. Kikiisha, anunua kingine, hadi ikapita miezi mitatu. Alipokwenda kupimwa miwani ndipo akaambiwa kwamba presha ya macho yake imepanda. Kichupa kile kilikuwa na steroidi. Alikiacha, presha ikashuka, tukashukuru. Lakini si kila mtu hupimwa kwa wakati, na macho yaliyoharibiwa na presha hayarudishiwi nuru yake.

Linaloumiza ni kwamba dawa ile hakuihitaji. Macho yake yalikuwa yakikauka usiku. Shangazi hulalia ubavu wa kushoto, na feni ya mezani ilikuwa kando ya mto, ikilipuliza jicho la kulia usiku kucha.

Najua wengi watauliza: Pwani hii yenye unyevunyevu, hata chumvi yalowa ndani ya kopo, jicho litakaukaje? Jibu liko kwenye kamba ya nguo. Nguo zetu hukauka papa hapa Mombasa, mradi kuna upepo. Feni ndiyo upepo wenyewe, na jicho ni kitu chenye maji. Na chumba chenye eyasi ndicho zaidi, kwa sababu mashine ile huondoa unyevu hewani.

Machozi nayo si maji matupu. Chini kabisa, juu ya kioo cha jicho, pana ute unaoyashika maji yasiteleze. Kisha yaja maji yenyewe. Juu yake pana utando mwembamba wa mafuta unaozuia maji yasiruke upesi. Mafuta hayo hutoka kwenye tezi ndogo zilizojipanga ukingoni mwa kope, kiasi cha 25 hadi 40 kope ya juu na 20 hadi 30 kope ya chini. Tezi zikiziba, maji hubaki wazi na kukauka haraka. Jicho likikauka huwashwa, na likiwashwa hutoa machozi ya ghafla. Ndiyo maana mtu mwenye macho makavu huweza kuonekana analia.

Usiku mwili hupunguza kutoa machozi. Kwa kawaida hilo halina madhara, kwa kuwa kope zimefunika jicho kama kifuniko cha sufuria. Lakini wako watu ambao kope zao hazifungi sawasawa wakilala. Wengine wameumbwa hivyo. Wengine ni uzee umelegeza kope, au wamepooza upande mmoja wa uso, au wana ugonjwa wa tezi ya shingo uliosukuma macho mbele. Mwenyewe hajui, maana amelala. Njia ya kujua ni rahisi: mwombe mume, mke au mtoto akumulike kwa mbali na tochi ya simu ukiwa usingizini. Akiona weupe wa jicho kati ya kope, umeshapata sababu.

Wako pia ambao machozi yao ni machache mchana na usiku: wanawake waliokoma hedhi, wenye kisukari, na wanaotumia dawa za mzio, hasa zile zinazoleta usingizi. Ukiwa na macho makavu pamoja na kinywa kikavu na maumivu ya viungo, mwambie daktari yote matatu kwa pamoja. Upo ugonjwa unaoyakusanya, ulioelezwa kwa kina mwaka 1933 na daktari wa Uswidi, Henrik Sjögren, na ndio unaobeba jina lake.

Sasa, usiku wa leo ufanye nini?

Kwanza, geuza feni. Ielekeze miguuni au ukutani, au iwache izunguke. Eyasi isikupulize usoni. Chandarua usikitoe. Moshi wa dawa ya mbu na wa udi pia huwasha macho, basi fukiza mapema, kisha fungua dirisha moshi utoke kabla hujalala.

Pili, osha wanja. Wanja unaolala nao huziba tezi za mafuta, na baadhi ya wanja unaouzwa madukani una madini ya risasi, ambayo ni sumu. Hasa usiwatie watoto.

Tatu, kanda kope. Chovya kitambaa safi katika maji ya uvuguvugu, yasiyochoma ukijaribu kwenye kifundo cha mkono, uweke juu ya macho yaliyofumbwa dakika 5 hadi 10. Kipoe, ukichovye tena. Kisha sugua kope polepole kuelekea ukingoni ili mafuta yatoke. Fanya kila siku kwa wiki kadhaa, kwani siku moja haitoshi.

Nne, tumia machozi ya bandia, matone ya kulainisha tu yasiyo na dawa nyingine. Ukiyahitaji zaidi ya mara nne kwa siku, tafuta yasiyotiwa kihifadhi, kwa maana kihifadhi chenyewe huudhi jicho. Kama kope hazifungi vizuri, marhamu ya macho ya kulainisha ndiyo hudumu hadi asubuhi. Vuta kope ya chini, tia kiasi cha punje ya mchele, ufumbe. Iwe kazi ya mwisho kabla ya kulala, kwa sababu utaona ukungu. Kichupa kimoja kisitumiwe na watu wawili.

Vidonge vya mafuta ya samaki visikugharimu sana. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2018 uliwapa wagonjwa wa macho makavu mafuta hayo kwa mwaka mzima, na hawakupata nafuu kuliko waliopewa mafuta ya zeituni. Samaki wetu tuwale kwa utamu wao.

Na sasa makatazo. Maziwa ya mama, asali, chai ya rangi na mate si dawa za macho. Hupeleka vijidudu mahali palipokwisha chubuka. Matone ya kuondoa wekundu hubana mishipa kwa saa chache, kisha wekundu hurudi na nguvu. Na kabla ya kulipa dukani, soma kisanduku. Ukiona dexamethasone, betamethasone au prednisolone, hiyo ni steroidi. Ina kazi yake ikiandikwa na daktari wa macho anayekufuatilia. Ukijitilia mwenyewe, yaweza kupandisha presha ya jicho, kuleta mtoto wa jicho na kukifanya kidonda cha jicho kizidi.

Usingoje kesho ukiwa na maumivu makali, uoni uliopungua, doa jeupe kwenye kioo cha jicho, usaha, au jicho jekundu na huvaa lenzi. Ukiamka na maumivu ya ghafla kama umechomwa sindano pale unapofumbua, huenda kope imebandua ngozi ya kioo cha jicho, nenda ukaonwe. Na mtoto mwenye macho makavu asiyeona vizuri magharibi ikiingia, huenda amekosa vitamini A. Mpeleke hospitali siku hiyohiyo.

Shangazi sasa feni yake iko miguuni na marhamu yake iko kando ya kitanda. Asubuhi bado hulalamika, ila sasa ni juu ya bei ya mbaazi.