Pumzi za Mzazi Ndani ya Arobaini

Idsowe, kando ya mto Tana, kama ilivyo Garsen na kwengineko katika pwani yetu, mzazi hupewa arobaini yake. Hukandwa kwa maji ya moto, hunyweshwa uji wa pilipili manga, na wakubwa humlinda asiguse kazi. Ni ada tunayoithamini. Lakini humo ndani huweza kujificha maradhi ambayo wengi wetu hatuyajui hata jina: udhaifu wa misuli ya moyo uletwao na uzazi.

Misuli hiyo ikilegea, moyo hutanuka na kila pigo husukuma damu haba. Maji huvuja mapafuni na kutuama miguuni. Maradhi haya huanza mwezi wa mwisho wa mimba au ndani ya miezi mitano baada ya kujifungua, na humpata hata mwanamke ambaye moyo wake haukuwa na dosari. Shinikizo la damu katika mimba na mimba ya pacha huongeza hatari.

Huko Zaria, kaskazini mwa Nigeria, ambako Waislamu wenzetu wa Kihausa nao humtunza mzazi siku arobaini, maradhi haya yalionekana kwa wingi. Madaktari wa miaka ya 1970 waliishuku desturi ya kumlaza mzazi kwenye kitanda cha udongo kilichokokewa moto, na kumnywesha uji wenye kanwa, yaani magadi. Tafiti za baadaye hazikuthibitisha kuwa hicho ndicho chanzo. Hata hivyo chumvi huzuia maji mwilini, na mzazi aliyevimba yafaa apunguziwe.

Ugumu ni kwamba uchovu na miguu kujaa kidogo ni mambo ya kawaida ya uzazi, ndiyo sababu dalili hupuuzwa. Basi aulizwe: unalala kwa mito mingapi? Asiyeweza kulala chali, anayezinduka usiku akitweta, au anayekohoa kila alalapo, huyo hangojewi arobaini itimie. Wako watakaosema ni jini au kijicho. Ruqya isomwe, na gari iitwe papo hapo. Tena mapema, kwani tuliyaona mafuriko ya mwisho wa 2023 na ya Mei 2024 yalivyotutenga na barabara. Hospitali ya Ngao iko jirani. Penye shaka, familia iombe rufaa ya kupigwa picha ya moyo.

Wengi hupata nafuu kwa dawa za kutoa maji na za kuupunguzia moyo mzigo, japo huchukua miezi. Dawa zisikatwe kwa kuwa uvimbe umeshuka. Ramadhani ikimkuta angali mgonjwa, ruhusa ya kula imo katika Suratul Baqara, aya ya 184. Na kabla ya mimba nyengine moyo upimwe upya, kwani maradhi huweza kurudi kwa ukali zaidi, na usipopona sawasawa madaktari hushauri asibebe tena. Maneno hayo mume naye ayasikie kwa daktari mwenyewe, asiletewe na mkewe nyumbani.