Kabla ya Kulipia Banda la Maonyesho

Wachongaji na wachoraji wa Wadi ya Magogoni wanashauriwa kusoma masharti kabla ya kulipia banda, kwani pesa hizo mara nyingi ndizo mtaji wa mbao na rangi.

Maonyesho yanayoteua kazi kwanza huweza kutoza ada mbili. Ada ya maombi kwa kawaida hairudishwi, hata msanii akikosa nafasi. Kuhusu ada ya banda, aulize: akijiondoa, au maonyesho yakiahirishwa, atarejeshewa kiasi gani, na lini? Jibu liwe kwa maandishi. Ujumbe wa M-Pesa huthibitisha malipo, si makubaliano.

Mwandalizi akikiuka ahadi, Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, na sheria ya 2016 inataka uamuzi ndani ya siku 60.