Fahamu: Kwa nini Tanzania na Malawi zinagombania Ziwa Nyasa

Mgogoro wa Ziwa Nyasa unatokana na mkataba uliotiwa saini na Uingereza na Ujerumani Julai 1, 1890. Mkataba huo uliupitisha mpaka kwenye ufuko wa mashariki, na kwa msingi huo Malawi inadai maji yote yaliyo kaskazini mwa Msumbiji. Azimio la Cairo la mwaka 1964, linalotaka mipaka iliyoachwa na wakoloni iheshimiwe, linayapa nguvu madai hayo.

Tanzania inashikilia kuwa mpaka upite katikati ya maji, kama ilivyo kwa maziwa mengi, na kwamba mkataba wenyewe uliruhusu marekebisho kulingana na mahitaji ya mahali. Hoja hii ina uzito wa kibinadamu: kwa tafsiri ya Malawi, mvuvi wa Mbamba Bay, upande wa Tanzania, anayesukuma mtumbwi wake majini alfajiri kutafuta dagaa amekwisha kuingia nchi nyingine.

Malawi ilipotoa leseni ya kutafuta mafuta ziwani mwaka 2011, ugomvi wa zamani uliwaka upya. Usuluhishi ulikabidhiwa kwa marais wastaafu wakiongozwa na Joaquim Chissano wa Msumbiji, lakini haukuzaa mwafaka.