Neno "Kata" na Nyuso za Maumbo ya Kompyuta

Katika elimu ya kuchora maumbo kwa kompyuta, mchoraji hupitisha mstari juu ya uso uliopinda, upande mmoja hutoweka machoni, naye husema uso umekatwa. Kwa hakika haukukatwa.

Nyuso za namna hii, ambazo Pierre Bézier alizishughulikia kwa ajili ya bodi za magari katika kiwanda cha Renault miaka ya 1960, hujengwa kwa vigezo viwili vitembeavyo katika eneo la pembe nne. Mlingano wenyewe haujui tundu wala ukingo wa mviringo. Kwa hiyo programu huuacha kama ulivyo, ikachora kitanzi ndani ya eneo la vigezo, na kuagiza kwamba kilicho nje ya kitanzi kisionyeshwe. Kitanzi kikifutwa, uso mzima hurudi.

Hapo ndipo "kata" linapopotosha, na upotovu wake si wa maneno matupu. Mwanafunzi hudhani kwamba nyuso mbili zilizokatwa kwa kisu kimoja hapana budi zioane ukingoni. Lakini kila uso una kitanzi chake, na mstari wa makutano ya nyuso mbili za digrii ya tatu kwa kila kigezo waweza kufikia digrii 324. Programu haina budi kuukadiria. Katikati hubaki nyufa ndogo zisizoonekana kwa jicho, nazo hudhihirika pale mchoro upelekwapo kwenye programu nyingine yenye kipimo kikali zaidi, umbo likakataa kufungika.

"Pogoa" halifai: tawi lililopogolewa halirudi. "Pinda", alitumialo fundi cherehani kwa upindo wa nguo, lina maana nzuri, kwani kitambaa hubaki ndani; ila katika jiometri limekwisha kushikwa na uso wenye mviringo, na "uso uliopindwa" ungevuruga zaidi ya kufafanua. Limebaki "punguza". Mteja apelekaye suruali ikapunguzwe hatarajii kila mara mkasi. Mara nyingi fundi huingiza kitambaa ndani ya mshono, na mwenyewe akinenepa hurudi kuomba ufumuliwe. Neno hili, basi, huja na kinyume chake tayari: uso hupunguzwa, kisha hufumuliwa. "Kata" halina mwenzi wa namna hiyo, nalo lingefaa kuachiwa kazi ile ambamo mlingano wenyewe hugawanywa kweli, kila kipande kikapata nukta zake za kuongoza.